Sheria Haizuii Mvua

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na wengi wetu tunaifungia insha hata pale isipohusika kabisa. Mimi leo nataka kuitumia kwa maana yake yenyewe: ufa ni ufa wa nyumba, na ukuta ni ukuta.

Swali langu ni hili: nyumba ya kale hulindwa na nini? Ukiwauliza wengi watakujibu kwamba hulindwa na sheria. Ati serikali ikishatangaza katika gazeti lake rasmi kwamba jengo fulani ni la urithi, basi limepona, na hakuna wa kuligusa. Mimi nasema la hasha! Sheria inaweza kumzuia mtu mwenye nyundo, lakini haiwezi kuzuia mvua. Nyumba hulindwa na mafundi wanaojua ilivyojengwa, na watu wanaoitumia kila siku. Sheria bila hao wawili ni karatasi tu.

Hebu tuanze na ushahidi wa Unguja. Pale mbele ya bahari, katika Mji Mkongwe, kuna jengo liitwalo Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Lilijengwa mwaka wa 1883 wakati wa Sultani Barghash, likiwa na nguzo za chuma na roshani pana zilizolizunguka. Mwaka wa 1896 manowari za Uingereza zilipiga mizinga eneo lile la ikulu kwa muda usiotimia hata saa moja. Majengo jirani yaliharibika vibaya, lakini Jumba la Maajabu likabaki limesimama. Mwaka wa 2000 Mji Mkongwe wote ukaandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Mtu angetaka ulinzi gani zaidi ya huo?

Lakini kumbe jumba lilikuwa likivuja. Maji yaliingia, mbao na vyuma vikala kutu na kuoza, matengenezo yakacheleweshwa. Mwaka wa 2012 sehemu yake moja iliporomoka. Hatimaye kazi ya kulikarabati ikaanza, na ikiwa bado inaendelea, siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ikaanguka. Watu wawili walipoteza maisha yao. Mizinga ya mwaka wa 1896 haikuliangusha, maji ya paa yaliliangusha. Nani tena atakayeniambia kwamba jina la UNESCO ni mwavuli?

Sasa tuje nyumbani Kenya. Sisi nasi tuna mji wa mawe, nao ni Lamu, ulioingia katika urithi wa dunia mwaka wa 2001. Mimi sijatia mguu Lamu. Kutoka Funyula hadi huko ni kuvuka nchi nzima, toka mpaka wa Uganda hadi Bahari ya Hindi. Lakini nimesoma na kuangalia ramani za nyumba zake, na ningependa mwenzangu uingie nami ndani ya nyumba moja ya zamani ya karne ya kumi na nane, ili uone akili iliyotumika.

Nje kwanza utakuta daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe kushoto na kulia. Hapo mgeni hukaa na mwenye nyumba wakazungumza bila mtu kuingia ndani. Kisha kuna mlango wa mbao wa mabawa mawili, uliochongwa nakshi. Ukiupita hufiki ukumbini moja kwa moja. Unaingia tekani, ambapo njia inapinda, hata mlango ukiachwa wazi mpita njia haoni kitu. Halafu ndipo unapofika kiwandani, yaani uani, penye mwanga na hewa. Kutoka hapo vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa chini, msana wa juu, kisha ndani, penye ukuta wa zidaka, yaani vijishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu kwa kuwekea vyombo vya thamani. Kadiri unavyoingia ndivyo mwanga unavyopungua na faragha inavyozidi.

Chooni kuna birika la maji, na ndani ya birika huwekwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Jamani! Sisi hapa Busia, tunaougua malaria kila msimu wa mvua, si tungefaa kuwaza kuhusu jambo hilo?

Sasa angalieni vifaa vyenyewe. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene kiasi cha nusu mita. Dari hushikiliwa na boriti, yaani miti ya mikoko. Boriti moja haiwezi kubeba dari pana, kwa hivyo vyumba vya nyumba hizo ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukikaribia mita 2.5 hadi 3 tu. Yaani urefu wa mti ndio ulioamua umbo la chumba. Na kinachoshikanisha mawe hayo si simiti, ni chokaa. Mafundi walipanga matumbawe juu ya rundo la kuni wakayachoma, wakapata chokaa ya kujengea na kupigia lipu.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atulie, kwa maana hoja yangu yote imo ndani ya chokaa.

Mjomba wangu ni mwashi hapa kwetu. Nilipomweleza habari za kuta za Lamu, aliniuliza swali moja tu: "Hiyo nyumba ikipasuka, wanaiziba na nini?" Swali hilo ndilo lenyewe. Chokaa ni laini. Ukuta ukilowa, maji hupita katika chokaa na kutoka nje, ukakauka. Simiti ni ngumu na imeziba. Ukiipiga juu ya ukuta wa zamani wa matumbawe, maji na chumvi hubaki ndani, na ukuta unaanza kuoza ukiwa umevaa shati jipya. Kwa macho mtu ataona nyumba imekarabatiwa. Kumbe imefungwa ife pole pole.

Msiniambie hayo ni mambo ya Waswahili wa pwani peke yao. Tokeni nje mtazame nyumba zetu za udongo hapa Samia. Siku hizi mtu akipata pesa kidogo hupiga simiti juu ya ukuta wa udongo, nyumba ionekane ya kisasa. Haupiti muda mrefu utaona lipu imebanduka vipande vipande, hasa chini karibu na msingi. Mjomba asema sababu ni rahisi: udongo hutanuka ukilowa na hunywea ukikauka, lakini simiti haitanuki nao. Inafanya ufa mwembamba kama unywele, maji yanaingia nyuma yake, na hayana mahali pa kutokea. Nyanya zetu waliokandika kuta kwa udongo na samadi ya ng'ombe hawakuwa washamba. Walijua kwamba ukuta wa udongo huzibwa kwa udongo, na walirudia kazi hiyo mara kwa mara bila kungoja nyumba ibomoke.

Wala msiseme kwamba ni umaskini wa Afrika. Uingereza nako kuna nyumba za mjini za zamani, nyembamba na ndefu kwenda juu, za matofali, zilizojengwa kwa safu bega kwa bega. Tangu sheria ya mwaka wa 1947 nyumba za namna hiyo huandikwa katika orodha na kupewa daraja, na mwenye nyumba hawezi kubadilisha hata dirisha bila ruhusa. Lakini matofali hayo nayo yalijengwa kwa chokaa. Karne ya ishirini ilipokuja na simiti, wengi waliziba mianya ya kuta zao kwa simiti, unyevu ukanasa ndani, matofali yakaanza kumenyeka uso. Ikabidi mafundi warudi kujifunza chokaa upya. Na huko huko, mwaka wa 1877, William Morris na wenzake walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, na msimamo wao ulikuwa kwamba matunzo madogo ya kila siku ni bora kuliko ukarabati mkubwa unaokuja jengo likiwa limechoka. Mwaonaje? Huyo Mwingereza na wahenga wetu wa kuziba ufa si walisema jambo moja?

Basi turudi kwenye sheria yetu. Kenya ilikuwa na Sheria ya Mambo ya Kale na Kumbukumbu ya mwaka wa 1983, na baadaye ikaja Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka wa 2006. Mji wa Lamu ulianza kulindwa rasmi katika miaka ya 1980, na ofisi ya uhifadhi ikafunguliwa mjini humo. Hayo ni mema, nami sipingi. Ninachopinga ni kumwambia mwenye nyumba "usibomoe, usiongeze, usibadilishe", halafu tukamwacha peke yake na paa linalovuja. Kupata fundi wa chokaa na boriti za mikoko kunagharimu zaidi ya kwenda dukani kununua mfuko wa simiti. Ndiyo maana wenyeji wengine wa kisiwa kile wameziuza nyumba za mababu zao, na wanunuzi wengine ni wageni kutoka Ulaya. Nyumba imebaki, lakini aliyeketi kwenye daka lake ameondoka. Je, hapo tumelinda urithi ama tumelinda mawe?

Najua wapo watakaoniuliza: "Wewe mtoto wa Funyula, Lamu inakuhusu nini?" Nitajibu kwa mfano wa karibu.

Katika masoko yetu ya Magharibi yapo maduka ya zamani yaliyojengwa wakati wa ukoloni, mengi na wafanyabiashara wa Kihindi. Baada ya sheria ya leseni za biashara ya mwaka wa 1967, wengi wao wasiokuwa raia walilazimika kuacha biashara katika masoko ya mashambani, na maduka yakapata wenyewe wengine. Mnayajua: paa la mabati, milango ya mbao inayokunjwa, sakafu iliyoinuliwa kwa mawe ili maji ya mvua yasiingie, na mbele yake baraza refu lenye nguzo za mbao. Hakuna aliyeyaandika katika orodha yoyote ya urithi. Tunayaita magofu.

Mama yangu ni fundi wa kushona nguo, na cherehani yake imekaa kwenye baraza la duka moja la namna hiyo. Wako mafundi watatu hapo. Karo yangu ya shule imetoka kwenye baraza hilo. Mvua ikinyesha, watu wa sokoni hukimbilia hapo, na wakisimama kungoja mvua iishe huleta suruali zao za kutiwa viraka. Mwenye duka amesema atalibomoa ajenge ghorofa ya vyumba vya kukodisha. Ni mali yake, na ana haki. Watoto wake pia wanakwenda shule. Lakini nimeyatazama majengo mapya yanayoinuka kando ya barabara: mengi ukuta wake umekuja mbele kabisa hadi mwisho wa ploti, na baraza hakuna. Mvua ikinyesha unalowa. Cherehani itakaa wapi?

Baraza ni kitu kikubwa kuliko tunavyodhani. Ni sehemu ya nyumba ambayo mwenyewe amewaazima majirani. Neno hilihili ndilo lililotupa baraza la chifu na baraza la mawaziri, kwa maana watu walipokaa pamoja nje ya nyumba ndipo maneno yalipokatwa. Kule Lamu viti vya mawe vya daka vinafanya kazi ile ile inayofanywa na baraza la mabati sokoni kwetu. Tukijenga mji mzima usiokuwa na baraza, tumejenga mji unaompa mpita njia mgongo.

Fauka ya hayo, kuna pingamizi lingine ambalo ni zito, na sitalikwepa. Mtu anaweza kusema kwamba nyumba za mawe za Lamu zilikuwa za waungwana, na kwamba watumwa walifanya kazi ndani yake na hawakuwa na zidaka zao. Ni kweli. Maduka yetu nayo yalijengwa wakati ambapo Mwafrika alikuwa mteja wa nje ya kaunta tu. Lakini kuhifadhi si kusifu. Jengo likibaki, mwalimu wa Historia anaweza kutusimamisha mbele yake akatuonyesha nani aliingia kwa mlango gani. Likibomolewa, tutabaki kubishana kwa maneno matupu.

Na tusidanganyike kwamba kaunti yetu haina urithi unaotambuliwa. Kakapel, kule Teso upande wa Malaba, penye michoro ya kale juu ya mwamba, ni kumbukumbu ya kitaifa. Hata hivyo watu walikwisha kuandika majina yao juu ya michoro ile. Mwamba haukuhitaji ilani peke yake. Ulihitaji wanakijiji waone kwamba ni wao. Ni yale yale ya Jumba la Maajabu.

Basi tufanye nini? Kulalamika ni rahisi, kwa hivyo nimeleta mapendekezo manne.

Kwanza, chama chetu cha Kiswahili kipime na kuchora majengo matatu ya zamani katika soko letu kabla hayajabomolewa. Inatosha kuwa na futi kamba, karatasi ya kuchorea, na ruhusa ya wenyewe. Wa Hisabati wapime, wa Sanaa wachore, nasi tuandike majina ya sehemu zake kwa Kiswahili na kwa Kisamia. Kama mwenyewe atabomoa, angalau mchoro utabaki maktabani.

Pili, tuwaalike shuleni mafundi wazee, waume kwa wake, watuonyeshe jinsi ya kufunga fito, kukandika, na kuezeka. Tunaalika watu watufundishe jinsi ya kupita mtihani, na ni vizuri, lakini mzee akifariki na ufundi wake hakuna mtihani wa marudio.

Tatu, vyuo vya ufundi vya vijiji viko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya mwaka wa 2010. Kaunti iweke somo la kutengeneza nyumba za udongo na chokaa pamoja na somo la simiti na matofali. Kijana anayejua yote mawili atapata kazi Funyula na atapata kazi hata Lamu.

Nne, kaunti inapoidhinisha ramani za majengo ya sokoni, iwatake wajenzi waache baraza mbele. Na kwa yule anayekubali kutunza jengo lake la zamani, kaunti impunguzie kodi ya ploti. Mkono mtupu haulambwi. Huwezi kumdai mtu awatunzie watu wote urithi kwa mfuko wake peke yake.

Wenzangu, sisemi kila nyumba kuukuu isimame milele. Nyumba nyingine imechoka na ni hatari kwa wanaokaa ndani. Ninachosema ni kwamba kabla ya kubomoa tujue tunabomoa nini, na kabla ya kukarabati tujue ukuta umetengenezwa kwa nini. Serikali iandike sheria zake. Lakini masika hayasomi gazeti rasmi. Anayepanda juu ya paa na msumari na kipande cha bati kabla ya mvua ya kwanza, huyo ndiye mlinzi wa urithi, hata kama hakuna ofisi yoyote inayomjua jina.

Walimu wetu, futi kamba ya kupimia twaiomba kwenu. Wanachama wenzangu, Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao tukutane sokoni saa tatu asubuhi.

Mwanachama, Kidato cha Tatu